UZI: Ukiikuta 2147483647 kwenye sistimu yako usiifute haraka, ijue kwanza

FundiSistimu_Tanga

Wakuu habari za jioni. Nimekuwa nataka kuandika huu uzi muda mrefu, leo nimetulia hapa Raskazone upepo unapiga vizuri ngoja niuandike wote.

Kuna chama kimoja cha kukopeshana hapa mjini, jina naliacha, waliniita niwaangalizie databesi yao maana meseji za kukumbusha marejesho hazimfikii mtu hata mmoja. Nafungua kolamu ya simu nakuta karibu wanachama wote, wa Makorora, wa Chumbageni, wa Pongwe, mpaka wale wa Muheza, wana namba moja ileile: 2147483647. Katibu alishaanza kuwashuku wanachama, anasema watu wamejaza namba ya uongo ili wasidaiwe. Nikamwambia mama hakuna aliyedanganya hapa, hii namba imejiandika yenyewe.

Iko hivi. Aliyeitengeneza ile sistimu aliiweka simu kama namba ya hesabu ya kawaida, ile ya biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Biti moja inashika alama, yaani kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31, na kubwa kabisa inayoweza kukaa kwenye biti 31 ni 2 kipeo cha 31 ukitoa 1, ambayo ndiyo 2,147,483,647. Mtu akiandika simu yake kwa 07, ile sifuri ya mbele inadondoka inabaki namba ya milioni mia saba na kitu, inaingia bila shida na ndio maana wakati wa majaribio kila kitu kilionekana safi. Baadaye wakabadilisha fomu iweke 255 mbele sababu kampuni ya meseji inataka hivyo. 255 na tarakimu tisa nyuma yake hiyo ni zaidi ya bilioni 255, haienei hata kidogo. MySQL, ile programu inayotunza databesi yao, kama haijawekwa kwenye hali kali haikatai, inachukua ile kubwa kabisa inayoweza kukaa inaiandika, inatoa onyo ambalo hakuna anayelisoma, maisha yanaendelea.

Sasa mafundi wengi wakiiona wanasema ahaa ni limiti tu, wanarekebisha wanaondoka. Mimi nataka tukae nayo kidogo, maana hii namba ni TASA. Haigawanyiki kwa chochote isipokuwa 1 na yenyewe. Na kabla haijawa kero kwenye databesi zetu ilikuwa namba maarufu sana, mwanahesabu Leonhard Euler ndiye aliyethibitisha kuwa ni tasa mwaka 1772, kwa kalamu na karatasi, na macho yake yakiwa yameshaharibika. Ikakaa kama namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa zaidi ya miaka 80.

BintiNgamiani

Kaka asante kwa uzi, ila mimi niko kwenye tatizo hilohilo sasa hivi, nina duka la vitenge barabara ya 12 na wateja wangu wote wana hiyo namba. Nikibadilisha kolamu zile namba za kweli zitarudi?

FundiSistimu_Tanga

Dada yangu pole, hazirudi. Kilichoandikwa pale ni hiyo 2147483647 na kile cha kweli hakikuhifadhiwa popote, kwa hiyo angalia kama una bekapu ya kabla fomu haijabadilishwa au zile karatasi walizojaza wateja. Ukishapata, kolamu ya simu ifanye ya maandishi, usiifanye ya namba kabisa hata namba kubwa. Simu hatuijumlishi wala hatuizidishi, na ile sifuri ya mbele ni sehemu ya simu. Halafu washa hali kali ya MySQL ili safari nyingine ikatae palepale.

Na kama unaweka hela kwa senti kwenye biti 32 ujue mwisho wako ni shilingi milioni 21 na laki nne na kitu, mauzo ya msimu wa sikukuu yanaweza kufika hapo.

Mzee_wa_Data

Mkuu mimi nakuheshimu ila tasa si tasa inanihusu nini? Limiti ni limiti, ingekuwa inagawanyika kwa 3 bado ingekuwa limiti.

FundiSistimu_Tanga

Swali zuri mkuu na nakubaliana nawe kwa hilo, kuwa tasa sio sababu ya kuwa limiti. Hebu angalia limiti zote za kompyuta kwa mpangilio, utaona jambo linalonipendeza kuliko yote.

Biti 8: kubwa kabisa ni 127. Tasa.
Biti 16: 32,767. Sio tasa, ni 7 × 31 × 151.
Biti 32: 2,147,483,647. Tasa.
Biti 64: 9,223,372,036,854,775,807. Sio tasa, inagawanyika kwa 7 na kwa 73 na kwa 127 na nyingine.
Biti 128: ni namba ya tarakimu 39, na hiyo ni tasa, Mfaransa Édouard Lucas aliithibitisha mwaka 1876.

Vipeo vyake ni 7, 15, 31, 63, 127. Kipeo kikiwa chenyewe kinagawanyika basi namba nayo inagawanyika lazima, 15 ni 3 × 5 kwa hiyo 2 kipeo cha 15 ukitoa 1 inagawanyika kwa 7 (ambayo ni 2 kipeo cha 3 kutoa 1) na kwa 31 (2 kipeo cha 5 kutoa 1). Hilo ni rahisi. Gumu ni upande wa pili, kipeo kikiwa tasa hakikupi uhakika wowote. 11 ni tasa lakini 2 kipeo cha 11 kutoa 1 ni 2047, na 2047 ni 23 × 89. Ndio maana 31 ilibidi mtu akae aifanyie kazi.

Marin Mersenne, padri wa Ufaransa, mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo mpaka 257 akasema hivi vinatoa tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257. Kwa 31 alipatia na kwa 127 alipatia. Kwa 67 na 257 alikosea, halafu akazisahau 61, 89 na 107. Mpaka leo namba za aina hii zinaitwa kwa jina lake, na hii yetu ni ya nane katika tasa za Mersenne.

Mwl_Mstaafu_Korogwe

Vijana hamjambo. Nimefundisha hesabu miaka mingi sana na leo nimefurahi. Mwanangu FundiSistimu umesema Euler alithibitisha kwa kalamu lakini hujaeleza alithibitishaje, na hapo ndipo kwenye utamu. Naomba nafasi.

FundiSistimu_Tanga

Shikamoo mwalimu. Nafasi yote ni yako, karibu sana.

Mwl_Mstaafu_Korogwe

Marahaba mwanangu.

Njia ya kawaida kila mtu anaijua. Ukitaka kujua kama namba ni tasa unaigawa kwa kila namba tasa mpaka ufike kwenye kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2147483647 ni 46,340 na nukta kidogo. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800. Kugawanya mara 4,800 kwa mkono, namba ya tarakimu kumi, ni kazi ya kumchosha mtu na makosa hayakosekani. Euler hakufanya hivyo. Alijiuliza kwanza, kama ingekuwa na kigawo, kigawo hicho kingekuwa na sura gani?

Chukueni namba tasa yoyote tuiite p, tuseme inaigawa namba yetu bila baki. Maana yake 2 kipeo cha 31 ukiigawa kwa p inabaki 1. Sasa fuateni mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea mkiyagawa kwa p, ni kama bodaboda anayezunguka kipilefti, lazima atarudi pale alipoanzia, pale kwenye 1. Hapa anarudi baada ya hatua 31. Je anaweza kuwa alirudi mapema zaidi? Kama alirudi mapema basi hatua za mzunguko wake lazima ziigawe 31, na 31 ni tasa, haigawanyiki ila kwa 1, na mzunguko wa hatua moja hauwezekani. Kwa hiyo mzunguko ni 31 kamili. Na mwanahesabu Fermat alishatufundisha kwamba baada ya hatua p kutoa 1 kila mzunguko unakuwa umefunga. Basi 31 lazima iigawe p kutoa 1. Tena p ni witiri, kwa hiyo p kutoa 1 ni shufwa. Vyote viwili pamoja: p ukiigawa kwa 62 lazima ibaki 1.

Hapo tayari ameshatupa namba nyingi sana. Lakini kuna chujio la pili. Kama 2 kipeo cha 31 inabaki 1, zidisha kwa 2 pande zote, 2 kipeo cha 32 inabaki 2. Na 2 kipeo cha 32 ni mraba wa 2 kipeo cha 16. Kwa hiyo 2 yenyewe ni baki la mraba ukigawa kwa p, yaani kuna namba ambayo mraba wake ukigawa kwa p unabaki 2, na hilo linatokea tu kama p ukiigawa kwa 8 inabaki 1 au 7. Unganisheni machujio mawili mtapata kwamba p ukiigawa kwa 248 lazima ibaki 1 au 63. Basi.

Kutoka mwanzo mpaka 46,340 namba zenye sura hiyo hazifiki 375, na nyingi kati ya hizo zenyewe sio tasa, unazikata. Kazi ya kugawanya 4,800 imegeuka kazi ambayo mtu mmoja mtulivu anaimaliza.

Mzee_wa_Data

Mwalimu shikamoo. Hapo kwenye mzunguko nimeelewa vizuri kabisa, na sikuwahi kuelewa nilipokuwa darasani.

Dogo_PCM

Shikamooni wakubwa. Mimi niko kidato cha tano hapahapa Tanga, nimeanza kuzifanya sasa hivi kwenye daftari nione kama ni kweli. Namba zenye sura ya mwalimu zinaanza hivi: 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241, 1303, 1489, 1551, 1737, 1799, 1985, 2047, 2233, 2295, 2481, 2543. Nimekata zinazogawanyika zimebaki 311, 1303, 1489 na 2543 peke yake!! Na ile 2047 ya FundiSistimu imo humo, nimeikata kwa 23 × 89.

Nimegawa:
2147483647 kwa 311 ni 6,905,092 baki 35
kwa 1303 ni 1,648,107 baki 226
kwa 1489 ni 1,442,232 baki 199
kwa 2543 ni 844,468 baki 1,523

Naendelea kesho mwalimu nikitoka skuli.

Mwl_Mstaafu_Korogwe

Mwanangu umenifurahisha mno. Zote nne ziko sawa nimezikagua. Endelea mpaka 46,340, usiruke hata moja, maana uthibitisho wa namna hii unataka zote.

BintiNgamiani

Jamani mimi nilikuja kuuliza namba za wateja wa vitenge najikuta nasoma hesabu usiku huu. Ila nina swali, nimesikia kuna mambo ya mwaka 2038, ni hii hii?

FundiSistimu_Tanga

Ni hii hii dada. Sistimu nyingi zinahesabu muda kwa sekunde kuanzia mwanzo wa 1970. Ukiziweka kwenye biti 32, sekunde ya 2,147,483,647 inaangukia tarehe 19 Januari 2038, Jumanne, kwa saa zetu ni saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Watu wanaelekea sokoni na feri. Sekunde inayofuata kaunta inageuka hasi na kompyuta ya namna hiyo inaamini ni tarehe 13 Desemba 1901, usiku kabla ya saa sita, yaani Tanga bado iko chini ya Mjerumani.

Simu mpya na kompyuta mpya zinatumia biti 64 hazitajali. Ninaowahofia ni mashine za zamani zilizofungwa ukutani zikasahaulika, na databesi zetu, maana ile aina ya tarehe ya MySQL inayoitwa TIMESTAMP inaishia hapohapo. Na usiseme 2038 ni mbali. Chama kikitoa mkopo wa nyumba wa miaka 15 leo tarehe ya kumaliza kulipa imeshavuka hapo, kwa hiyo tatizo linaanza siku mkopo unapoandikwa. Mwishoni mwa 2014 YouTube nao ilibidi wahamie kaunta ya biti 64 sababu video moja ya mwanamuziki wa Korea Kusini ilivuka watazamaji 2,147,483,647.

Mzee_wa_Data

Sawa mkuu, lakini bado hujanijibu mpaka mwisho. Kwenye simu kuwa tasa hakujalishi. Kwenye 2038 hakujalishi. Kuna mahali popote ambapo u-tasa wake unafanya kazi ya kweli?

FundiSistimu_Tanga

Upo mkuu, na nilikuwa nakusubiri uulize.

Kompyuta inapotaka namba za bahati nasibu, za kuchanganya karata za gemu au kuigiza foleni ya wateja, haina dadu. Inatumia kanuni. Moja ya kanuni mashuhuri sana inasema hivi: chukua namba uliyonayo, zidisha kwa 16807, gawa kwa 2147483647, baki ndio namba yako mpya. Rudia. Ilitumika kwenye kompyuta za IBM tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1988 Park na Miller wakaipendekeza kama kiwango cha chini ambacho kila mtu angepaswa kukifikia.

Ukianza na 1 unapata 16807, halafu 282475249, halafu 1622650073, zinaruka huku na kule. Na kwa sababu tunayogawia ni tasa, hutapata sifuri hata siku moja, maana 16807 ni 7 kipeo cha 5, ukizidisha vitu viwili ambavyo havigawanyiki kwa tasa hiyo jibu nalo haligawanyiki. Ingekuwa namba inayogawanyika ungeweza kuchagua kizidisho kibaya ukaangukia kwenye sifuri ukakwama hapo milele. Na kuna zuri zaidi. Ule mzunguko aliouelezea mwalimu, kwa 2 ulikuwa mfupi, hatua 31 tu, lakini kwa 16807 mzunguko ni mrefu kadiri inavyowezekana. Unapita kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, bila kurudia bila kuruka, ndipo unarudi kwenye 1. Hiyo haiwezekani kama namba sio tasa, hata utafute kizidisho gani.

Kwa mambo ya siri, nywila au miamala, usiitumie, mtu akiiona namba moja ameshajua zote zinazofuata. Kwa kuigiza na kwa gemu imefanya kazi miaka na miaka.

Mwl_Mstaafu_Korogwe

Umeeleza vyema sana. Niongeze moja la kale. Euclid alionyesha kwamba kila tasa ya aina hii inazaa namba kamilifu, yaani namba ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe unapata yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3. Hii yetu inazaa 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizi ni za kushangaza tu na hazina faida, hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Watu walijisumbua. Lucas alijisumbua, na mwaka 1883 Mrusi Ivan Pervushin akaipata ile ya kipeo cha 61 ambayo Mersenne aliisahau.

Mzee_wa_Data

Na sasa hivi kubwa kuliko zote ni ipi?

FundiSistimu_Tanga

2 kipeo cha 136,279,841 kutoa 1. Ilitangazwa Oktoba 2024, aliyeipata ni Luke Durant wa Marekani kupitia mradi wa GIMPS ulioanza 1996, watu wanaunganisha kompyuta zao kutafuta pamoja. Ina tarakimu 41,024,320. Ni ukoo uleule wa hii yetu, na kipimo ni kile alichokianzisha Lucas: anza na 4, piga mraba, toa 2, gawa kwa namba unayoipima uchukue baki, rudia. Kwa 31 (2 kipeo cha 5 kutoa 1) ni hivi: 4, halafu 14, halafu 194 ambayo inabaki 8, halafu 62 ambayo inabaki 0. Ikiishia sifuri hapo ni tasa. Kwa hii yetu ya kipeo cha 31 ni hatua 29 tu, Euler angekuwa nacho angemaliza mapema sana.

Dogo_PCM

Kaka Fundi nimeiandika ile ya 16807 kwenye simu, nimeanza na 1. Nitajuaje kama nimeandika sahihi?

FundiSistimu_Tanga

Kuna jibu la kupimia. Zidisha mara 10,000, ukimaliza uwe na 1043618065. Ukikosa angalia kama programu yako inazidisha kwenye biti 32, maana kabla hujagawa jibu linazidi limiti, lazima uzidishe kwenye 64.

Dogo_PCM

Mara ya kwanza ilitoka namba hasi. Nimeweka 64.

1043618065. Imetoka!!